Baba Alikuja na Njaa

Usiku ule nililala kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mdogo wangu Nakaniwa, kwa sababu alikuwa amefikia hali ya kutoachwa peke yake. Binti yake Upendo alikuwa amemkeshea juma zima mpaka macho yamemwiva. Nikamwambia akalale chumba cha pili, mama yake nitamwangalia mimi. Siku hizo maumivu yalikuwa yamepungua. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umemaliza kazi yake na kumwacha mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Tulizungumza kidogo habari za mahindi yaliyochelewa, akasinzia. Nami nikasinzia. Ndipo baba yetu, aliyekwisha kufa zamani, akaja.

Lakini siwezi kusimulia alivyokuja kabla sijasema alikuwa nani na alikufaje.

Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu huku milimani Upare kwa muda wote wa utoto wetu. Mtu mrefu, mkavu, mwenye koti jeusi lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Sijaona mtu aliyeshika amri za Mungu kama yeye. Hakusema uongo hata ule wa kumfariji mgonjwa. Jumapili hakukata hata jani la mgomba. Akikuta parachichi limeanguka njiani alilirudisha shinani kwa mwenyewe, wala hakuangalia nyuma kama kuna aliyemwona. Watu walimheshimu na kumwogopa, na sisi binti zake tulimwogopa kuliko wao.

Tena hakupokea zawadi. Mtu akimletea mkungu wa ndizi kwa shukrani ya kuombewa, kesho yake baba alibeba jembe akaenda kumlimia. Alisema kinywa chake hakijazoea chakula kisichofanyiwa kazi. Marehemu mama alimtania kwamba hata mbinguni, kabla hajakaa mezani, ataomba aonyeshwe shamba. Baba hakucheka. Na huyohuyo ndiye aliyetufundisha kipaimara, akatueleza kwa ufasaha kabisa kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake bali kwa neema, na aliyekosea kulijibu swali hilo alichapwa.

Nakaniwa alipopata mimba akiwa bado nyumbani, baba hakumwachia mchungaji kazi ya kumtangaza. Alisimama mwenyewe mbele ya kanisa, akasoma jina la mtoto wake kwa sauti ileile ya kutangazia ratiba ya wiki, akasema ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya usharika. Kisha akataja namba ya wimbo, tukaimba.

Kutubu huko kulikuwa na maneno yake, ambayo nadhani yalitungwa na wazee wa hapa kwetu tu. Aliyetengwa alisimama mbele akasema kwamba anaichukia dhambi yake, na analichukia tunda lake. Wengi waliyasema, wakarudi kundini, na maisha yakaendelea. Nakaniwa alikataa. Wakati huo mtoto alikuwa ameshazaliwa, yuko mgongoni, amelala. Akawaambia wazee kwamba dhambi ataitubu hata leo, kwa magoti, na machozi anayo. Ila neno la pili hatalisema.

"Siwezi kumtubia Upendo," alisema.

Baba alimjibu kwamba anayejichagulia amri ya kutii hajatii hata moja. Tangu siku hiyo hakumtaja tena jina. Ikibidi kusema habari zake, alisema "yule."

Miaka ikapita, mama akafariki, mimi nikaolewa ng'ambo ya bonde. Baba alipoanguka kwa kiharusi, aliyekuwa karibu ni Nakaniwa. Ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akafua mashuka yake mfereji ukiwa na maji ya barafu. Hayo baba aliyavumilia kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuyazuia. Lakini mdomo ulikuwa bado wake. Nikimletea uji mimi, alikunywa. Akiletewa na jirani, alikunywa. Akija Nakaniwa na bakuli, alifumba. Masika ile daraja lilizolewa na maji, sikuweza kuvuka, na majirani nao walikuwa na wagonjwa wao. Nilipofika hatimaye, baba alikuwa mifupa. Nakaniwa alikuwa amemwinua kichwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika bakuli.

"Baba, ni uji tu," alikuwa anamwambia.

Baba alilisukuma bakuli kwa mkono uliobaki mzima. Uji ukamwagika shingoni kwa Nakaniwa, kwenye shuka, sakafuni. Nilichukua sufuria nikamlisha mimi, lakini koo lilikuwa limeshasahau kumeza. Akafa juma hilohilo. Mazishini walimsifu kwamba amekufa akiwa mtii. Nakaniwa alisimama nyuma kabisa ya watu, na ulipofika wakati wa watoto wa marehemu kutupia udongo, hakuna aliyemwita.

Sasa ilikuwa zamu yake kufa. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa. Mchana uliotangulia usiku ule, Jumamosi, tulikaa kikao juu ya ombi la Nakaniwa la kupewa Meza ya Bwana kitandani. Niliwaomba wenzangu wapokee toba yake bila yale maneno ya pili. Mchungaji, kijana mpole aliyehamia kwetu karibuni, alitazama meza. Mzee Elinami, mwenyekiti wetu, akasema kwa upole kwamba sheria inayolegezwa kwa dada wa mzee wa kanisa si sheria tena, na kwamba marehemu baba yetu hakuilegeza hata kwa damu yake. Likapita hivyo. Kesho baada ya ibada mchungaji atakwenda na mkate na divai. Akiyasema maneno, atapewa, na atazikwa na kanisa. Asipoyasema, kumzika tutajua wenyewe, sisi ndugu zake.

Ndiyo hali niliyolala nayo.

Katika ndoto ilikuwa mchana, tena mchana wenye jua kali. Nilikuwa juu ya mfereji, kwenye shamba letu la zamani, nafua mashuka. Nilisikia mtu anatafuna nyuma yangu. Ilikuwa sauti kavu, ya kitu kigumu, nikadhani ni mtu anayekula mahindi ya kukaanga. Sikugeuka kwa haraka, kwa kuwa nilijua ni baba, na katika ndoto lile halikuwa jambo la kushangaza. Nilipogeuka, ameketi juu ya jiwe. Koti lake lilelile. Miguu haina viatu. Anatafuna, anameza, na anapomeza, koo linapanda na kushuka kama la mtu anayemeza dawa chungu.

Nikamsalimu. Akanyoosha mkono akafumbua kiganja, nikaona anachokula. Ni vigae. Vipande vya bakuli la udongo, vikali pembeni. Midomo yake imechanika, na damu haitoki, imekauka humohumo kwenye nyufa.

Nilitaka kumwambia atupe. Lakini pale hapakuwa tena mferejini. Tupo kanisani, mabenchi yamejaa, mimi nimekaa upande wa kinamama, shuka mbichi bado imo mkononi mwangu inachuruzika maji sakafuni. Baba amesimama mbele. Anasoma majina ya waliotengwa, kwa sauti yake ya kutangazia ratiba. Anasoma jina la mchungaji. Anasoma jina la Mzee Elinami. Anasoma langu, nami nainamisha kichwa. Anasoma usharika wote, benchi kwa benchi, wala hakuna anayelia, wala hakuna anayeinuka kutoka. Nangojea jina la Nakaniwa. Hasomi. Anafika mwisho, kisha anasoma jina lake mwenyewe, jina la ubatizo na jina la baba yake, vilevile, bila kutetemeka. Anatazama huku na huku amwone atakayempokea akitubu. Lakini wote wametengwa. Hakuna aliyebaki wa kumpokea mwenzake. Anataja wimbo. Hakuna anayeimba. Ninachosikia ni kutafuna tu, na sasa kunatoka katika kila benchi.

Nikakimbia kwenda nje, na nje ni ndani ya nyumba yetu, chumba alichofia. Baba yumo kitandani, mdogo, shuka ile niliyokuwa nafua imefunikwa juu yake na bado ina maji. Ananitazama. Anafungua mdomo wazi kabisa, kama kinda. Meno yamebaki vipande.

Sufuria ya uji ipo mekoni. Nachota, napoza kwa kupuliza, naketi kando yake, namwinua kichwa. Kichwa ni kizito kuliko nilivyokumbuka. Namtilia uji mdomoni. Ulipofika kwenye ulimi wake ukawa mchanga. Nauona ukibadilika. Anautema kwenye kifua chake, nami namtilia tena, unakuwa mchanga tena.

"Si wewe," alisema. "Mkono wako sikuukataa."

Nikaweka bakuli chini. Nilianza kumwuliza mambo, na hapo maneno hayakuwa yakitoka kinywani, yalikuwa yanafika tu. Nilimwuliza kama huko aliko hakuna chakula. Akanijulisha kwamba kipo, kingi, ila hakilimiwi. Kila mtu huletewa, na chake yeye kilishaletwa, kwa bakuli, kwenye kitanda hiki, akakimwaga. Nikamwuliza amri zake je, zote alizozishika tangu ujana wake, Jumapili zake, ukweli wake, maparachichi ya watu aliyoyarudisha. Je, hayo yote yalikuwa kosa?

Akakaa kitako. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mwalimu wangu wa zamani, anayetaka nielewe.

"Hayakuwa kosa. Sheria ni bakuli, mwanangu. Ni zuri, halina ufa. Mimi nililitafuna bakuli."

Akatia kigae kingine mdomoni. Nilimzuia mkono, naye akauondoa mkono wangu bila hasira, kama mtu anayeondoa nzi, akatafuna. Nikalia. Nikamwambia Nakaniwa yu mgonjwa, kwamba wazee wamemfungia Meza kwa maneno yale aliyoyasimamia yeye baba, na kwamba kama ana la kusema kwao aseme sasa, nitalipeleka. Nilidhani ndilo alilojia.

Hakuonekana hata kusikia habari za wazee. Aliposikia tu kwamba Nakaniwa ni mgonjwa, aliinuka. Uso wake ukachangamka. Sipendi kulisema hili, lakini ndivyo nilivyoona: baba yangu alifurahi.

"Mwambie yule aje," alisema.

Nikamwambia, baba, kuja huko ni kufa.

"Najua. Mwambie afanye haraka."

Nikamwuliza kama basi atapokewa huko, yeye aliyefungiwa huku. Maana hilo ndilo lililokuwa likinila moyo tangu kikaoni. Baba aligeuza uso kuelekea ukutani, na ukuta haukuwepo, palikuwa na uwanja mweupe, na mbali kidogo nyumba iliyofungwa, mwanga unatoka chini ya mlango. Nikasikia vikombe, sahani, watu wengi wakicheka kwa pamoja, kama nyumba yenye arusi.

"Sijui," alisema. "Mimi naketi nje. Nasikia vyombo tu."

Nilijua nakaribia kuamka, kwa kuwa nilianza kusikia jogoo wa huku. Nikamwuliza upesi kama hana neno lingine kwa Nakaniwa. Nilimpa nafasi, Mungu anajua. Nilimwuliza kwa namna ambayo hata mtoto mdogo angejua anaombwa aseme nini. Baba alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama anavyofikiri mtu mwaminifu asiyetaka kusema neno lisilo la kweli.

"Nina njaa," alisema.

Nikaamka. Palikuwa pamekucha. Upendo alikuwa jikoni, anakoka moto. Nakaniwa yupo macho, ananitazama kutoka kitandani. Akaniambia nilikuwa nalia usingizini, nikiita baba.

Nilitaka kunyamaza. Mgonjwa wa hali ile haambiwi kwamba aliyemkataa miaka yote anamngojea afe. Lakini nililelewa kwamba ujumbe si mali ya anayeubeba, na Nakaniwa aliniuliza mara mbili. Upendo alipotoka kwenda kuchota maji, nikamweleza. Nilimweleza yote: vigae, majina kanisani, mchanga, mlango wenye mwanga chini yake. Alisikiliza akitazama dari. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Alinitaja jina?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limefika mdomoni. Lingenigharimu nini? Lakini nilimtazama, na nikaona kwamba hata nikidanganya atajua.

"Hapana. Alisema yule."

Nakaniwa akatoa pumzi fupi puani, kama anayetaka kucheka.

"Basi ni yeye kweli," alisema.

Nilimshika mkono. Nikamwambia mzee ana njaa, ameteseka vya kutosha, na kama kuna mtu duniani anayeweza kumtoa pale nje ni yeye. Nilisema kama mzee wa kanisa, na pia kama mtoto wa baba. Nikamwambia amsamehe. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa mwepesi wa kusamehe, Nakaniwa. Watu waliomsema vibaya mtaani walikuja kuomba chumvi mlangoni kwake wakapewa. Ndiyo maana sikutegemea jibu alilonipa.

"Mwambie nitamlisha, Dada. Nitamlisha mpaka ashibe. Lakini kwanza anitaje jina."

Nikamwambia ni jambo dogo kumdai mtu anayetafuna vigae.

"Ni dogo kweli," alisema. "Na alitaje."

Akafumba mdomo. Nilimtazama mdogo wangu, mifupa ya mashavu imetokeza, taya limekazwa, na kitandani pale alikuwa baba mtupu. Sikuwahi kumwona akifanana naye. Tulikuwa tunasema kwamba amefanana na mama.

Mchungaji alikuja baada ya ibada, na mkoba wake mdogo wa ngozi. Alikaa kwenye kiti, akasali, akamwuliza. Nakaniwa akasema dhambi zake anazitubu zote, hata zile asizozikumbuka, na anamwomba Mungu amrehemu. Alilia alipolisema hilo. Mchungaji akangoja neno la pili. Upendo alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mzima, ameshika taulo la kumfutia mama yake jasho. Nakaniwa alimtazama, akamtazama mchungaji, akatikisa kichwa. Mchungaji alibaki ameshika kifuniko cha mkoba kwa muda mrefu. Mwishowe akaufunga. Upendo akamsindikiza mpaka njiani, kama mgeni anavyosindikizwa.

Nakaniwa alikufa siku ya pili yake, jua likiwa juu, bila kelele. Tulimzika sisi wenyewe nyuma ya nyumba. Kengele haikupigwa. Mimi ndiye niliyeomba kaburini, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, na kwa sababu hiyo nikaondolewa katika wazee wa kanisa. Mzee Elinami alikuja mwenyewe kunijulisha, akanywa chai, akasikitika. Sikubishana naye. Nilimtazama anavyotafuna mkate, nikaona aibu, nikaangalia pembeni.

Wanaonisikia huniuliza kama naamini Nakaniwa amepokewa. Nawajibu kama nilivyofundishwa, kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake bali kwa neema. Nalijibu vizuri, bila kukosea hata neno. Nalo ni kweli. Lakini pale uwanjani nje ya ule mlango nawaona wawili sasa, mmoja ameshika bakuli limejaa, mwingine anafungua mdomo, na kati yao jina moja ambalo halisemwi, na uji unapoa.

Namngoja baba arudi. Nalala mapema, nalala chali kama alivyokuwa akilala yeye, kwa kuwa nina jibu lake na nimeagizwa nilifikishe. Hajaja. Jirani aliyekufa mwaka huu ameshanijia, mama amenijia akiwa anapepeta, watu nisiowajua wananijia. Baba haji. Asubuhi naamka, naketi ukingoni mwa kitanda kabla sijagusa moto, na maneno ya Nakaniwa bado yamo mdomoni mwangu.